Uzoefu wangu Jamestown, Virginia: usiishie kwenye meli za mfano

Kwa wabongo na wakenya mlioko Virginia, Maryland na DC mnaotafuta pa kupeleka watoto wikiendi, mi nawaambia nendeni Jamestown, koloni la kwanza la kudumu la Waingereza Marekani, ila kwanza mjue sehemu ziko mbili na watu wengi wanazichanganya. Kuna Jamestown Settlement, hii ni makumbusho yenye ngome ya kuigiza, kijiji cha Wapowhatan (wenyeji wa asili wa eneo hilo), na mifano ya zile meli tatu zilizowaleta Waingereza, Susan Constant, Godspeed na Discovery, watoto wanapanda mpaka ndani. Halafu kuna Historic Jamestowne, mwendo mfupi tu kwa gari, kisiwani kwenyewe walikoshukia Waingereza 104, wanaume na wavulana, Mei 1607. Kila sehemu ina tiketi yake. Na kama una ile pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa, hapo kisiwani inafuta sehemu tu ya kiingilio, nyingine unalipa.

Mara ya kwanza nilikuja na basi la kampuni moja ya utalii, tukapelekwa kwenye meli tukapiga picha tukarudishwa, kisiwani hata hatukukanyaga. Safari hii nimekuja na gari langu na familia, na nasema kabisa, kisiwani ndo penyewe.

Miaka mingi watu waliamini ngome ya kwanza ilishaliwa na mto James, mpaka mwanaakiolojia William Kelso alipoanza kuchimba 1994 akaikuta, sehemu kubwa bado ipo nchi kavu. Na kazi inaendelea, unawakuta wamepiga magoti na miiko wanakwangua udongo taratibu, wengine wanachekecha. Dada mmoja akamwonyesha mwanangu madoa meusi ya duara yamejipanga kwenye udongo wa njano, akamwambia hapo ndo palisimama magogo ya ukuta, mti umeoza lakini rangi yake imebaki miaka 400! Mtoto alichuchumaa pale hatukumtoa kirahisi.

Makumbusho ya ndani inaitwa Archaearium, hapo jipange kisaikolojia. Kuna fuvu la binti wa miaka kama 14, jina lake halijulikani, watafiti wanamwita Jane. Alikufa kwenye njaa ya kipupwe cha 1609 kuingia 1610, na alama za kisu kwenye mfupa zinaonyesha watu walimla baada ya kufa. Ngomeni walikuwepo watu kama 300, wakabaki kama 60. Miaka hiyo kulikuwa na ukame mkali, maji ya kunywa yana chumvi, wenyewe mazao hawana, wanategemea mahindi ya Wapowhatan ambao nao walikuwa na ukame huohuo na walishachoka kunyang'anywa, wakaizingira ngome. Kilichokuja kuliokoa koloni kibiashara ni tumbaku ya mlowezi John Rolfe, na tumbaku inataka ardhi na inataka watu wa kuilima, wenye ardhi wakaanza kusukumwa na wa kulima wakatafutwa.

Sasa nakuja kwa Angela, na kwa hili tu ningerudi hata kesho. Tarehe 30 Julai 1619 kanisani hapo kilikaa kikao cha kwanza cha bunge la koloni, na wiki chache tu baadaye, mwishoni mwa Agosti, meli ya White Lion ikatia nanga Point Comfort (siku hizi ni Hampton) na Waafrika ishirini na kitu, waliotekwa Angola, wakapakiwa Luanda kwenye meli ya Wareno, wakaporwa baharini na Waingereza. Meli ya pili iliyoshiriki kuwapora iliitwa Treasurer, na hesabu ya watu ya 1625 inamtaja mwanamke Mwafrika aliyeletwa na Treasurer, anaishi nyumbani kwa Kapteni William Pierce. Ndo Angela. Kiwanja cha Pierce kimechimbwa, kipo upande wa mji mpya, nje ya ngome, kwahiyo usipokuwa makini unaishia kwenye sanamu ya Pocahontas, binti wa chifu wa Wapowhatan (mikono yake imeng'aa kwa kushikwashikwa) unageuza. Tembea mpaka huko jamani. Tulisimama muda mrefu, hakuna nyumba wala sanamu, ni nyasi na mto, nikawaeleza wanangu huyu mama alitolewa bara letu akaletwa hapa bila kuulizwa, na jina lake limo kwenye karatasi.

Vaeni viatu vya kutembea, beba maji na dawa ya mbu maana pembeni ni kinamasi. Ulizia mapema saa za matembezi na askari wa hifadhi, wanaeleza vizuri sana na ukiuliza kuhusu utumwa hawakwepi. Mkimaliza nendeni kwenye kivuko cha Jamestown kwenda Scotland ng'ambo ya mto, ni bure hata na gari, na kutoka majini mnaziona zile meli tatu vizuri kuliko ukiwa gatini.