Bakuli la kumzuia paka wa jirani: kabla hujalipa, tazama mgongoni

Shoga yangu wa Kibokoni aliagiza bakuli la chipu, lile la kumfungukia paka wako peke yake, kutoka ng'ambo, akalipa pesa ambazo mumewe hadi leo hajaambiwa ni ngapi, na shume wa jirani bado anakula. Paka wa nyumba, jike mdogo wa madoadoa, akitia kichwa mbele, kifuniko kinafunguka kama kilivyoahidiwa. Shume haji mbele. Anazunguka nyuma, anapenyeza kichwa upande wa pili, na wawili wanakula uso kwa uso kama bwana na bibi harusi. Jike akishiba akaondoka, kifuniko kinajifunga. Shume hajali, keshakula.

Si yeye peke yake. Kuna mama wa Tudor anayenilalamikia jambo hilo hilo, na kijana wa Bamburi anayekaa ghorofani na paka wa kizungu mwenye manyoya, mgonjwa wa figo, anayekula chakula cha dawa ambacho paka wa mlango wa pili amekipenda kuliko mwenyewe. Wote waliuliza bei, wakauliza betri, wakauliza rangi. Hakuna aliyeuliza nyuma kukoje.

Basi mwongozo huu ni wa nyuma. Sitaeleza bakuli gani linaoshwa vizuri, yote yanaoshwa. Sitaeleza ujazo, paka wako si ng'ombe.

Kwanza tuelewane kuhusu chipu, maana wauzaji wanaisemea maneno mengi. Ni kidude kama punje ya mchele, daktari wa wanyama anakidunga chini ya ngozi katikati ya mabega. Hakina betri. Kinaamka pale tu antena inapokikaribia, kinatoa namba zake, kinalala tena. Kwa chipu za kawaida siku hizi namba ni 15. Hakina ramani, na paka akipotelea Likoni hakitakwambia yuko wapi. Mtu akikuuzia chipu ya "kumfuatilia paka kwa simu", mwambie ahsante na ushike njia. Bakuli la chipu lina tao kwa mbele, antena imo ndani ya tao. Paka akiinamisha kichwa kula, mabega yanapita chini ya tao, namba inasomwa, kifuniko kinafunguka. Ndiyo akili yake yote.

Na hapo ndipo tatizo linapoanza. Tao linalinda mbele tu. Kifuniko kikishateleza, chakula kiko wazi kwa yeyote aliye nyuma au ubavuni, mwenye chipu na asiye nayo. Bakuli halioni, linasoma mabega yaliyo chini ya tao, basi. Paka wako anageuka ufunguo wa mwizi.

Kipimo changu hakihitaji fundi. Ukiwa dukani, au mzigo ukikufikia, fungua kifuniko, kisha peleka ngumi yako kwa nyuma. Ngumi ikigusa chakula, kichwa cha shume kitafika, na shume ana mashavu mapana lakini ana subira kukuzidi. Halafu peleka ngumi ubavuni. Halafu sukuma bakuli zima kwa kiganja uone kama linateleza sakafuni, maana kulisukumiza kwenye pembe ya ukuta, dawa ambayo kila mtu anaipendekeza, haifai kitu kama chombo ni chepesi. Shume anatia bega, pembe inafunguka, kazi imekwisha.

Namba moja: SureFeed, pamoja na kifuniko chake cha nyuma

Naam, ninaipendelea na sifichi. Ni ya kampuni ya Sure Petcare ya Uingereza, iliyoanzia Cambridge kwa mwanafizikia aitwaye Nick Hill, aliyechoshwa na paka wa majirani kumwingilia paka wake nyumbani. Alianza na mlango, bakuli likaja baadaye. Mtu aliyeudhiwa na paka wa watu namwamini kuliko mfanyabiashara aliyeamka akaona soko.

SureFeed nayo, ikija peke yake, ina nyuma wazi. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu tangazo halitakuonyesha. Picha zote zimepigwa kwa mbele, paka msafi, hakuna shume. Lakini hawa wana dawa: kuna kifuniko cha plastiki angavu kinachopachikwa nyuma, kinaziba ile njia ya pili. Kinauzwa mbali na bakuli. Mtu aliyenunua bakuli bila hicho amenunua nusu.

Yaliyobaki ni mazuri. Linasoma chipu ya mwilini, na kama paka wako hana, linakuja na kidani chake cha kuning'iniza shingoni (mkanda uwe wa kukatika ukivutwa, usije ukamnyonga juu ya mwembe). Linakumbuka paka hadi 32, idadi inayotosha hata kwa bibi zetu wa Mji wa Kale. Kasi ya kufunga unaiweka mwenyewe. Weka ya haraka, usimpe mtu nafasi ya mabaki. Paka mwoga anaogopa mlio wa kifuniko, kwa hiyo mna hatua za kumzoesha, kifuniko kinasogea kidogo kidogo hadi azoee. Usiruke hatua ati kwa sababu paka wako ni shujaa.

Na kifuniko kikifungwa kinabana, nzi hawaingii. Kwa joto letu la Machi, chakula cha majimaji kikikaa wazi toka asubuhi hadi adhuhuri hata shume atakinusa akakiacha. Sisimizi ni habari nyingine. Dawa ya kienyeji ya kuweka miguu ya kabati kwenye makopo ya maji usiifanye hapa, kuna umeme humu. Weka kijimeza kidogo, miguu ya kijimeza ndiyo iingie makoponi.

Kasoro yake kwetu ni betri. Linataka nne za saizi C. Nenda Marikiti, nenda Biashara Street, utapewa zile ndogo za rimoti na zile nene za tochi. C ndiyo ya katikati, na muuzaji atakutazama kama umeomba betri ya ndege. Zikipatikana nunua za alkaline, seti mbili kwa mpigo; seti moja hukaa takriban miezi sita. Hewa ya bahari inakula vyuma, kwa hiyo ukibadilisha betri futa zile ncha kwa kitambaa kikavu. Uzuri wake ni kwamba stima ikipotea, paka hajui.

Namba mbili: mlango wa paka wa chipu

Hapa nyuma inalindwa na ukuta wenyewe, ndiyo maana nimeuweka juu kuliko watu wengi watakavyopenda. Kampuni ile ile inatengeneza SureFlap, mlango mdogo unaosoma chipu, na betri zake ni AA nne, zile za rimoti, alhamdulillahi.

Ila usiuweke mlango wa nje. Nyumba zetu mlango wa jikoni unakaa wazi kutwa, upepo uingie. Mlango wa paka kwenye mlango uliofunguliwa ni pambo. Na mlango wa nakshi wa Mji wa Kale usidiriki hata kuupima kwa rula, mwenye nyumba atalia na watu wa makumbusho watakuja. Uweke kwenye mlango wa stoo, ule wa mbao nyepesi. Chakula ndani, mlango umefungwa, paka wako anaingia, anakula kwa raha zake, anatoka. Upande wa stoo ndio uwe "ndani", kwa sababu ule wa kawaida unasoma chipu wakati wa kuingia tu, kutoka ni huru kwa kila aliyemo.

Shume hodari anaweza kumfuata mwenzake pua kwa mkia akapenya kabla kitasa hakijashika. Hutokea. Lakini si kila siku, na ukimkuta stoo utamjua ni nani, umpeleke kwa mwenyewe mkononi.

Wapangaji, ombeni ruhusa kwanza.

Namba tatu: bakuli la saa

Haya yanafunguka kwa wakati uliopanga, mfano Cat Mate C500 yenye vyumba vitano. Halimjui paka. Likifunguka saa kumi na mbili jioni, anakula aliyewahi, na paka wa jirani hujifunza saa hiyo kukuzidi wewe. Linakufaa kama paka wako ni wa ndani na jirani anaingia usiku tu, au wewe uko kazini Kilindini zamu ndefu. Kijana wa Bamburi asilinunue. Nyuma hapana maana hapa, pande zote ni nyuma.

Namba nne: sanduku lenye tundu

Sanduku kubwa la plastiki, toboa tundu la kichwa cha paka wako, chakula weka mwisho kabisa. Linafaa kama wako ni mdogo na shume ni mnene. Wakilingana, basi.

Namba tano: rafu ya juu, au kusimama na upawa mpaka amalize. Haya.

Vile vidude vya sauti kali vya kufukuzia wanyama sivipi namba, vinamfukuza na wako. Na asinijie mtu na maji ya moto, fimbo wala sumu. Paka wa jirani hana kosa, yeye ni paka. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani, na Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. Kama hilo halikutoshi, kuna sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Jirani ndiye wa kusemeshwa, kwa adabu, baada ya magharibi, mkononi una kisahani cha kaimati.

Sasa wauzaji. Picha ya bakuli imewekwa, imepambwa maua, chini yake imeandikwa "bei njoo inboksi". Kwa nini? Bei ni siri ya ndoa? Ukienda inboksi unaulizwa uko wapi. Ukisema Nyali bei ni moja, ukisema Kisauni ni nyingine. Ukiuliza kama linasoma chipu ya mwilini au kidani tu, kimya, kisha unatumiwa ile ile picha ya maua. Swali hilo ulishikilie, kwa sababu zipo za bei ya chini zilizoandikwa "smart" ambazo hazisomi chipu ya ngozini hata kidogo. Zinasoma kidani chao wenyewe, kikipotea bakuli limekuwa sahani.

Na sisi wa Mombasa tuna donge letu. Meli inatia nanga Kilindini, tunaiona kwa macho tukiwa kwenye feri. Kontena linapandishwa treni linapita juu ya vichwa vyetu hadi Nairobi, linafunguliwa huko, halafu bidhaa inarudi kwetu kwa basi na nauli juu. Ongeza VAT ya asilimia 16, ongeza faida ya wa Nairobi na faida ya wa huku, ndipo bakuli la paka linapofikia bei ya mbuzi. Ukiwa na ndugu Uingereza anayekuja likizo, mpigie sasa hivi kabla hajajaza begi kwa chokoleti.

Umwambie mambo matatu: bakuli, kifuniko cha nyuma, na betri za C seti mbili. Kifuniko akihakikishe ni cha muundo ule ule wa bakuli, afungue boksi aone kama kweli kimo ndani. Shoga yangu wa Kibokoni sasa amekatiwa dumu la lita ishirini na fundi wa mtaani, limefunikwa kwa nyuma na ubavuni, kingo zimezungushiwa mpira wa bomba zisimkate paka. Si zuri kwa macho, na mumewe ameanza kuuliza dumu lake la maji liko wapi.