Mepo kwa Ubao wa Freti: Mbao Isiyoficha Kosa

Kwa anayejitengenezea gitaa la umeme, mepo (maple) ngumu, mbao nyeupe, ni chaguo zuri sana la ubao wa freti, yaani ubao wa juu ya shingo wenye vipande vya chuma (freti) ambapo vidole hubonyeza waya, kwa sharti moja: mikato ya kupachika freti iwe safi na uso upakwe laka ipasavyo. Anayeichagua kwa kuwa bei yake huwa chini ya eboni nzuri ajue kwamba sehemu kubwa ya gharama haiko kwenye ubao wenyewe, iko kwenye laka, msasa na saa za kazi. Rozwudi na mpingo ni mbao za giza. Unga wa mbao uliochanganywa na supa gluu huziba pengo na jicho lisilione. Mepo haina msamaha huo. Tundu la alama (kidoa kinachoonyesha nafasi ya freti) likipanuka kidogo, au mkato ukimeguka ukingoni, doa litaonekana kwa maisha yote ya gitaa.

Kuna aina mbili sokoni na zisichanganywe. Mepo ngumu ni Acer saccharum, yenye ugumu wa takriban 1,450 kwa kipimo cha Janka. Mepo laini, ambayo mara nyingi ni Acer rubrum, iko karibu na 950. Ya pili inafaa mwilini mwa gitaa au kwenye kifuniko cha mapambo. Kwenye ubao wa freti hubonyea upesi na haishiki vizuri jino la freti, yaani sehemu yake inayozama kwenye mkato. Rozwudi ya India hufika 2,440 na mpingo hupita 3,500, kwa hiyo hata mepo ngumu si shujaa wa ugumu. Inatosha kwa sababu waya hukanyaga freti, na kinachokwaruzwa na vidole kwanza ni laka.

Agiza ubao wa urefu wa milimita 530, upana wa 70 hadi 75 na unene wa 8 au 9, ukilenga kubaki na unene wa 6 baada ya randa na msasa. Kwa gitaa lenye freti 22 na skeli (urefu wa waya kutoka nati hadi daraja) ya milimita 648, freti ya mwisho iko kwenye milimita 466 kutoka kwenye nati, kipande kinachobeba waya kichwani mwa shingo, kwa hiyo ziada ya kukata ncha zote mbili ipo. Tafuta ubao uliopasuliwa kwa robo, ambao pete za mti zinasimama wima ukitazama ncha yake. Hili lina uzito kuliko urembo wowote. Ikikauka kutoka ubichi, mepo ngumu husinyaa karibu asilimia 10 kwa kufuata pete, lakini asilimia 5 tu kwa kuzikata. Rozwudi husinyaa takriban 6 na 3. Kwa maneno mengine, mepo iliyopasuliwa vibaya hucheza na hewa zaidi, na ncha za freti hutokeza pembeni msimu wa ukavu. Unyevu uwe asilimia 6 hadi 8. Ukiuleta ubao kwenye karakana, usimamishe kwa ukingo ili hewa ipite pande zote mbili, na uuache wiki mbili kabla ya kuugusa.

Mepo yenye macho ya ndege inavutia, na kwa gitaa la kwanza mtu aiache. Nyuzi zake huzunguka kila jicho, hivyo randa hung'oa vipande vidogo badala ya kukata. Anayeing'ang'ania atumie kikwangulio cha chuma kilichonolewa vizuri, au msasa juu ya kitalu kigumu. Mepo yenye michirizi ya ukungu, ile ya mistari myeusi, isitumike kabisa: tayari imeanza kuoza na ulaini wake hautabiriki.

Gitaa la Fender la mwaka 1950, lililoitwa Broadcaster kabla ya kuwa Telecaster, lilikuwa na shingo ya kipande kimoja cha mepo. Freti zilipigwa humo humo, na chuma cha kunyooshea shingo kikaingizwa kwa nyuma. Ndiyo asili ya mstari wa mbao ya giza mgongoni mwa shingo, unaoziba mfereji huo. Kwa kazi ya nyumbani, ubao wa peke yake uliogundishwa juu ya shingo ya mepo ni rahisi zaidi. Mfereji wa kuweka chuma hicho unachongwa kwa juu, kwenye uso bapa, na shingo ikiharibika kabla ya kugundisha, ubao wenye mikato tayari unabaki mzima.

Sasa mikato, ambapo kazi nyingi huharibikia. Gawanya urefu wa skeli kwa 17.817 upate nafasi ya freti ya kwanza: kwa 648 ni milimita 36.37. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa 17.817 upate hatua inayofuata, hadi mwisho. Freti ya 12 lazima iangukie 324 kamili. Isipoangukia hapo, rudia hesabu kabla ya kushika msumeno. Pima kila nafasi kutoka kwenye nati, usipime kutoka freti hadi freti, maana makosa madogo hujumlishana.

Msumeno ukate mkato wa milimita 0.58 hadi 0.60 kwa freti yenye jino la milimita 0.5. Rozwudi huweza kuvumilia mkato mwembamba kidogo, mepo huvumilia kidogo sana. Mkato ukibana, kila freti inakuwa kabari. Kubana kwa milimita 0.05 tu, mara 22, ni zaidi ya milimita 1 ya msukumo, na shingo hupinda kwenda nyuma kabla hata waya hazijafungwa. Chuma cha kunyooshea cha njia moja, kinachoivuta shingo kwenda nyuma tu, hakiwezi kurekebisha mpindo huo. Ndiyo maana chuma cha njia mbili, kinachoipinda shingo mbele au nyuma, ni bora hapa. Jambo jingine linalosahauliwa ni kina. Uso ukizungushwa kwa nusu kipenyo cha milimita 241, pembeni penye upana wa 56 hupotea milimita 1.6. Kama mikato ilifanywa ubao ukiwa bapa, itabaki mifupi pembeni na freti hazitakaa. Ikate upya baada ya kuzungusha, ibaki na kina cha milimita 2.5 hadi 3 kote.

Mashine ya ruta, ile ya kuchonga kingo na mifereji, iwe na kisu kikali na mwendo usiosita. Mepo huungua haraka: ukisimama kidogo kwenye kona, unapata doa la kahawia ambalo msasa huliondoa kwa shida. Kata ukiacha nusu milimita, kisha malizia kwa pitio moja jepesi.

Kwenye kugundisha, gundi ya mbao ya maji inafaa, lakini maji yake huvimbisha upande mmoja na kuupinda ubao. Paka tabaka jembamba kwenye shingo, funika chuma cha kunyooshea kwa ukanda wa tepu ili gundi isiingie, choma misumari miwili midogo ndani ya mikato ili ubao usiteleze, kisha bana kwa klampu nyingi na uache saa 24. Epoksi haina maji, kwa hiyo hupunguza tatizo hilo. Mepo juu ya mepo ikikaa vizuri, mstari wa gundi unakaribia kutoweka. Ukiona mstari mweusi, nyuso hazikuwa bapa.

Alama nyeusi za milimita 6 juu, na za milimita 2 ubavuni, zinapendeza na kuonekana vizuri. Toboa kwa biti yenye ncha ya katikati na mbawa kali, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki cha mbao ileile.

Kuhusu laka, mabishano hayaishi, lakini mpangilio huu ndio wenye madhara machache. Piga msasa hadi namba 320, kisha paka tabaka mbili nyembamba za kuziba vinyweleo kabla ya freti. Tabaka hizi huzuia supa gluu kunywewa na mbao na kuacha kivuli kisichotoka, na huzuia vumbi la chuma la kusawazisha freti, ambalo huigeuza mepo kuwa ya kijivu. Safisha mikato kwa msumeno na ulegeze kingo zake kwa tupa ya pembe tatu, pitio moja au mawili, la sivyo freti itamegua laka inapoingia. Piga freti, sawazisha, huku mbao ikifunikwa kwa tepu. Ndipo upulize tabaka nne hadi sita nyembamba juu ya vyote, na mwisho ukwangue laka kwenye migongo ya freti kwa ncha ya kisu. Vaa kinyago cha kuchuja mvuke wa thina. Laka ya nitroselulosi huhitaji wiki tatu hadi nne kabla ya kung'arishwa. Ukiiharakisha, itazama na kuonyesha nyuzi. Tabaka nene ni kosa kubwa kuliko tabaka haba, kwa kuwa hulala kando ya freti na kupunguza kimo chake.

Mafuta ya tung peke yake huleta mguso mzuri, lakini hayazuii jasho kwa muda mrefu. Asiye na mahali pa kupulizia achukue mepo iliyookwa, ile iliyopitishwa kwenye joto la takriban nyuzi 160 hadi 200 za Selsiasi bila oksijeni. Inakuwa ya kahawia hadi ndani, hainywi unyevu kirahisi, na mafuta membamba au nta yanatosha. Ila ni dhaifu kingoni na humeguka, kwa hiyo freti zibanwe kwa presi badala ya nyundo, na gundi ya maji ipewe muda mrefu zaidi wa klampu.

Watu wengi huuliza kuhusu sauti. Pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa waya), waya na urefu wa skeli vina nguvu zaidi kuliko ubao wa freti. Asitarajie mtu kwamba mepo italifanya gitaa lenye mlio mzito liwe na mlio mkali. Mguso wa laka chini ya vidole ndio tofauti utakayoisikia kila siku.

Siku ya kubadilisha freti, kwanza chora laka pande zote mbili za freti kwa kisu chembamba, pasha freti moto kwa pasi ya kulehemu, kisha uing'oe taratibu kwa koleo bapa. Ukivuta bila kuchora, laka huinuka kwa magamba na itabidi upulize ubao wote upya.