Fundi wa funguo za gari anayekufuata ulipo: kazi yake nimeisimamia mwanzo hadi mwisho

Huyu fundi nampa alama za juu kabisa, nikipunguza kidogo kwa ajili ya rimoti, na nitaeleza kwa nini. Simsifii kwa sababu gari liliwaka. Gari kuwaka ni jambo la mwanzo tu, hata mbabaishaji anaweza kuliwasha. Namsifia kwa sababu alishughulika na ufunguo ambao haukuwepo pale, ule ulio mikononi mwa mwizi.

Mkoba wangu uliibiwa ukiwa na ufunguo wa gari pamoja na kitambulisho changu cha kazi. Mimi ni muuguzi, naingia zamu za usiku, na gari langu, Toyota ya kuchomeka ufunguo niliyoinunua ikiwa imeshatumika, linashinda kwenye maegesho ya hospitali saa nyingi bila mtu wa kuliangalia. Nyumbani nilikuwa na ufunguo mwingine, umechakaa na hauna rimoti. Kwa hiyo gari lilikuwa linatembea. Kilichoninyima usingizi ni kwamba aliyechukua mkoba alijua ninapofanya kazi, na alikuwa na ufunguo mkononi.

Fundi wa kwanza niliyempigia simu alisema atanitolea nakala ya ule uliobaki, dakika chache tu. Nikamuuliza, na ule ulioibiwa? Akanijibu, "Huo sahau, dada." Nikakata simu nikamtafuta mwingine.

Wa pili ndiye huyu. Kabla hata hajataja bei alinihoji: gari ni la mwaka gani, ufunguo uliobaki una kichwa cheusi au cha kijivu, taa ya ulinzi kwenye dashibodi inazimika ufunguo ukiingia, betri ina hali gani. Kisha akanitaka niandae kadi ya gari na kitambulisho chenye jina lile lile, la sivyo haji. Ndipo akataja bei moja iliyojumuisha ufunguo, chipu ya ndani yake inayotambuliwa na gari, kuchonga, kuprogramu, kufuta funguo za zamani kwenye kumbukumbu ya gari na nauli yake. Bei hiyo haikubadilika mpaka anaondoka.

Lile swali la cheusi na kijivu lina uzito wake. Kwenye Toyota nyingi za zamani za kuchomeka ufunguo, ufunguo wenye kichwa cheusi ndio mkuu: ndio unaoweza kulitambulisha gari kwa ufunguo mpya. Wa kijivu ni wa kumwachia mtu akuegeshee gari. Utawasha injini vizuri tu, lakini hauwezi kusajili mwenzake. Nilikuwa nimebakiwa na mweusi. Ningebakiwa na wa kijivu, kazi ingekuwa nyingine kabisa, ndefu na ya gharama zaidi.

Siku ya kazi alichelewa, na simu ya kuuliza yuko wapi nilipiga mimi. Hilo halikunipendeza. Lakini alipofika alianza na karatasi kabla ya kugusa chochote: akaichukua namba ya chesisi kwenye kadi, akailinganisha na ile iliyopigwa kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi. Kuna watu huona usumbufu wakidaiwa kadi. Mimi nilifarijika. Fundi asiyekuuliza gari ni la nani, kesho hatamuuliza huyo aliyeiba mkoba wako.

Halafu akapima betri na kuifunga chaja ya kushikilia umeme. Wakati mashine inaandika kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya gari, umeme ukishuka katikati unaweza kuiharibu kompyuta yenyewe, na hapo utakuwa umeingia hasara kubwa kuliko ufunguo. Mwenye betri iliyochoka amwambie fundi mapema.

Kwenye kuchonga ndipo nilipoona mikono ya mtu aliyefundishwa. Alipitisha ukucha juu ya meno ya ufunguo wangu wa zamani, akatikisa kichwa. "Nikinakili huu, dada, nitakuwa nimenakili uchakavu." Akaenda mlango wa abiria, ambao kitasa chake hakuna anayekigusa, akaingiza kifaa chembamba cha chuma chenye kimkono kidogo na mistari ya vipimo. Ndani ya kitasa mna vibati vidogo vimepangwa mstari mmoja, na kina cha kila kibati ndicho kinachoamua jino la ufunguo liwe refu au fupi. Alivigusa kimoja kimoja, akisoma namba kwa sauti ya chini na kuiandika, akarudia tangu mwanzo kuhakikisha. Zile namba akaziingiza kwenye mashine ndogo inayotumia betri yake yenyewe, iliyowekwa nyuma ya gari lake. Ufunguo mtupu ukabanwa, kisu kikaanza kutembea kwa mlio mwembamba, na unga wa shaba ukawa unamwagika chini ya kibanio. Alipoutoa aliusugua kingo kwa brashi, akanipa mwenyewe niujaribu. Uliingia mlangoni na kuzunguka bila kukwama, tofauti na ule wangu ambao nilishazoea kuutikisatikisa mpaka ukubali.

Bado ulikuwa haujasajiliwa. Akaniambia niingie, niwashe. Stata ikazunguka, injini ikakataa, taa ya ulinzi ikawa inapepesa. "Hapa ndipo mwizi wako atakapoishia tukimaliza," akasema. Nilifurahi kuonyeshwa hilo kwa vitendo badala ya kupewa maneno.

Maana yake ni hii. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Kuna koili (waya uliozungushwa) kwenye swichi ya kuwashia, na ufunguo ukiingia koili hiyo huipa chipu nguvu kwa mawimbi ya redio. Chipu inajibu, na kompyuta ikilitambua jibu inaruhusu injini iwake. Ndiyo sababu betri ya rimoti ikifa, gari la kuchomeka ufunguo bado linawaka. Ulaya kinga hii ni sharti kwa magari mapya tangu 1998. Kwenye gari lenye kinga hii, ufunguo wa kuchongwa mtaani bila chipu unafungua mlango na kukuacha hapo hapo.

Sasa, kunakili chipu na kusajili chipu ni kazi mbili mbalimbali, na mteja anastahili kuambiwa anauziwa ipi. Kunakili kunawezekana: mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na RSA Laboratories, maabara ya usalama wa kompyuta, walionyesha jinsi ya kuvunja namba ya siri, fupi ya biti 40 tu, iliyotumika kwenye chipu za kampuni ya Texas Instruments zilizokuwa katika magari mengi, na leo mashine za kunakili ni za kawaida kwa mafundi wa funguo. Nakala ina utambulisho ule ule wa ufunguo uliotoka, kwa hiyo gari linaziona mbili kama ufunguo mmoja, na kumbukumbu ya gari haiguswi kabisa. Kwa aliyebakiwa na funguo zake zote na anataka wa akiba tu, inaweza kumtosha. Kwangu mimi ingekuwa ni kulipa fedha na kumwacha mwizi na ufunguo halali.

Huyu fundi alichomeka mashine yake kwenye lile tundu la pini 16 chini ya usukani, akanigeuzia kioo nione. Funguo zilizosajiliwa: tatu. Mimi tangu ninunue gari nimekuwa na mbili. Wa tatu uko kwa mmiliki wa zamani, au kwa mtu aliyepewa naye, sijui. Muda wote huo mtu mwingine angeweza kuliwasha gari langu na kuondoka nalo. Yeyote aliyenunua gari lililotumika aombe kuonyeshwa namba hiyo, hata kama hajapoteza kitu.

Akaniuliza kama kuna ufunguo wowote nyumbani kwa mume au mtoto, kwa sababu Toyota ikifuta inafuta zote isipokuwa ule ulio kwenye swichi wakati huo. Hakukuwa. Akafuta, namba ikashuka ikawa moja. Ndipo akaingiza mpya, taa ikapepesa kama dakika moja, ikazima. Mbili. Aliniwashisha kwa kila ufunguo, nikazima, nikawasha tena, kisha akaizima mashine yake na kunirudisha kuwasha mara nyingine bila mashine kuwa imechomekwa.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni alichoniambia baada ya hapo, wakati angeweza kupokea fedha zake na kuondoka. Ufunguo ulioibiwa hautawasha injini tena, lakini chuma chake bado kinafungua milango, kwa kuwa kitasa hakijui habari za chipu. Na rimoti ni mfumo wake peke yake: kufuta chipu hakufuti rimoti. Kwa hiyo aliiondoa na rimoti ya zamani, akasajili mpya. Kuhusu milango, alisema dawa ni kubadilisha vibati vya vitasa na swichi vyote; nikibadilisha vya milango peke yake, nitatembea na ufunguo mmoja wa mlango na mwingine wa kuwashia. Hakunisukuma. Nimeliacha kwa sasa, nimenunua kufuli la usukani, na ndani ya gari sibakizi kitu.

Rimoti ndiyo iliyoniangusha. Ni ya bandia, vitufe vyake ni vigumu, na inashika nikiwa karibu na gari tu, wakati ile ya mwanzo ilikuwa inafungua nikiwa bado mlangoni mwa wodi. Hakuniambia kabla kwamba si ya kiwandani, na angeniambia ningeongeza fedha. Nimemlalamikia, amekubali kuileta nyingine, bado nasubiri.

Risiti yake ni nzuri: ina namba ya kuchongea ufunguo, idadi ya funguo zilizobaki kwenye kumbukumbu na dhamana ya kazi. Nimeiweka na kadi ya gari. Hiyo namba ya kuchongea haitakiwi kupigwa picha ikasambazwa, kwani mwenye nayo anachonga ufunguo wa mlango wako bila kukuona.

Mwenzangu wa zamu ana Ford yenye ufunguo mmoja. Kwenye Ford nyingi za zamani, mwenye funguo mbili zinazofanya kazi anaweza kusajili wa tatu mwenyewe bila mashine yoyote, lakini mwenye mmoja lazima aite fundi. Nimemshauri afanye sasa, huo mmoja ukiwa bado upo, na namba ya huyu fundi nimempa. Atakuja asubuhi baada ya zamu, maana usiku hatoki, na kwa watu wa kazi kama yetu hilo ni pengo.