Vioo vya roshani: nyota moja, na hiyo moja ni ya bafuni

"Bosi, kioo hakipasuki chenyewe. Kuna mtu kakigonga."

Hilo ndilo jibu la fundi mkuu wa karakana iliyonifungia vioo vya ukingo wa roshani. Alilitoa akiwa amesimama juu ya vipande vya kazi yake mwenyewe, mikono mfukoni, bila hata kuinama avitazame. Angeinama, angeona kilichokivunja.

Kioo kilikuwa cha tempa, yaani kilichokazwa kwa moto, milimita 12, kipande kimoja kisicho na tabaka, kimesimikwa kwenye chaneli, yaani mfereji wa alumini, sakafuni. Kilipasuka usiku, hakuna upepo wala mtu nje, miezi kadhaa baada ya kufungwa. Sehemu kubwa ilidondoka, lakini chini ukabaki ukanda wa upana wa kiganja uliobanwa na mpira wa chaneli. Katika ukanda huo nyufa zote zilikuwa zinatokea sehemu moja na kutawanyika pande zote. Pale zinapoanzia palikuwa na vipande viwili vikubwa kuliko vyote, vimeungana mgongo kwa mgongo mfano wa mabawa ya kipepeo. Kwenye mstari unaovigawa, ukitazama kwa lenzi, kuna kidoa cheusi kisichofika hata nusu milimita, katikati kabisa ya unene wa kioo. Kioo kilichogongwa hakiachi alama hiyo. Aliyegonga huacha jeraha usoni au ukingoni.

Kidoa hicho kwa kawaida ni chembe ya nikeli salfaidi. Ili kutengeneza tempa, kioo hupashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi kisha hupulizwa hewa baridi ghafla. Uso hubanwa, ndani hubaki panavutwa, na mgogoro huo kati ya uso na ndani ndio unaokipa nguvu mara nne au tano ya kioo cha kawaida cha unene uleule. Sasa chembe ikiwa humo, moto wa tanuri huibadilisha umbo, na baridi ya ghafla huifungia ndani kabla haijarudi ilivyokuwa. Inaanza kurudi baadaye, polepole, na inaporudi huvimba. Ikiwa imekaa kwenye eneo linalovutwa, siku moja kioo kizima huachia kwa mpigo. Inaweza kuwa wiki chache, inaweza kuwa miaka. Chembe hiyohiyo ndani ya kioo cha kawaida hukaa bila kumsumbua mtu.

Kwa hiyo siilaumu karakana kwa chembe. Inaingia kiwandani na haionekani kwa macho. Nawalaumu kwa kinachofuata.

Kwanza, ipo dawa yake. Baada ya tempa, kioo hurudishwa kwenye tanuri na kushikiliwa kwenye joto la nyuzi 260 hadi 290 hivi kwa saa kadhaa, ili chenye ugonjwa kipasukie humo humo badala ya kupasukia kwa mteja. Haimalizi hatari yote, lakini inaipunguza sana. Nilipouliza kama vioo vyangu vilipitishwa huko, jibu lilikuwa: "Vina mhuri." Mhuri wa kona unasema kioo ni cha tempa, basi. Kama kimerudishwa tanurini, hilo huandikwa, ama kwenye mhuri wenyewe ama kwenye cheti. Vyangu havina maandishi hayo wala cheti.

Pili, na hapa ndipo damu inapochemka: nani aliwaambia wasimike tempa tupu kwenye ukingo wa ghorofa? Oda ilisema lamineti, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati. Kwenye roshani tempa peke yake ina kasoro moja ambayo nguvu yake yote haiwezi kuifuta: ikienda, inaenda yote. Kufumba na kufumbua pale palipokuwa na ukingo pana shimo. Na wasikudanganye na habari ya vipande vidogo visivyokata. Kioo hupima kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kipande cha mita 1.2 kwa 1.1 chenye milimita 12 kinakaribia kilo 40, na vipande havidondoki kimoja kimoja, vinadondoka kwa matonge. Anayepita chini hatajali kama tonge lina ncha butu.

Lamineti ikipasuka, utando unashikilia vipande na mtu hapiti. Hata hapo kuna la kuangalia: kama vioo vyote viwili ni vya tempa na vyote vikavunjika, kipande hulegea na kuinama, kwa hiyo panahitajika reli ya juu inayokiunganisha na majirani zake, au utando mgumu zaidi. Wengine hutumia kioo kilichokazwa nusu, ambacho huvunjika kwa vipande vikubwa na kubaki kimesimama. Fundi wa roshani anapaswa kuyajua haya kabla hajashika kuchimba sakafu.

Nikiri jambo moja ili nisionekane mwenye chuki. Bafuni walifanya kazi safi. Tempa ya milimita 10, ambayo pale ndiyo mahali pake hasa. Matundu ya bawaba yalitobolewa na kingo kusagwa kabla ya kuingia tanurini, kama inavyotakiwa, maana tempa haikatwi wala haitobolewi baadaye. Kila bawaba ina mpira kati ya chuma na kioo, na ukingo wa chini haugusi kigae. Mlango unafunga bila kelele. Kwa kazi ile nilikuwa nimeshaandaa nyota tatu, nne hata, na walipokubali kubadilisha kioo cha roshani kwa lamineti bila malipo nikasema haya, watu wamejirudi.

Kisha wakaja kukifunga.

Kipya ni vioo viwili vya milimita 6 kila kimoja, chenye utando wa milimita 1.52, jumla 13.52. Chaneli ni ileile, lakini mpira wake ulichaguliwa kwa kioo cha 12. Mpira mwembamba zaidi upo, unaagizwa kwa kipimo. Hawakuagiza. Waling'oa mpira wa upande mmoja wote, wakakita kioo, wakajaza pengo kwa silikoni. Harufu ya siki ikajaa sebuleni hadi jioni. Mwenye kazi hii anaijua harufu hiyo: ni silikoni ya asidi, na asidi inakula utando wa lamineti pale ukingo ulipo wazi. Kwa lamineti hutumika silikoni isiyo na asidi. Wanayo! Ndiyo waliyotumia bafuni, ambako kioo hakina utando wa kuliwa.

Halafu hawakutoboa tundu hata moja la kutolea maji chini ya chaneli. Mvua inaingia, inakaa, na utando unakunywa maji kuanzia chini. Tayari kuna ukungu mweupe ukingoni, upana wa kidole, na vipovu viwili vitatu juu yake. Huko ni kuachana kwa tabaka kunakoanza, na hakurudi nyuma. Nilipomtumia fundi mkuu picha, aliandika: "Huo ni uchafu, futa kwa kitambaa." Uchafu ulio kati ya vioo viwili nitaufutaje, bosi?

Basi nyota nne zimekuwa mbili, na nilipofika kwenye hilo la kitambaa ikabaki moja. Kazi ya bafu wapeni, sina neno. Ya roshani, kama huna budi, andika kwenye oda kwa herufi: lamineti, unene wa kila kioo na wa utando, vioo vya tempa virudishwe tanurini na cheti kitolewe, mpira wa chaneli ulingane na unene halisi, silikoni isiyo na asidi, matundu ya maji kabla kioo hakijasimama. Siku ya kufunga, kabla mpira haujafunika kingo, tazama ukingo kwa ubavu uone ule mstari wa utando katikati. Usipouona, usiwaache wapandishe kioo.