Kitabu cha Edo au katalogi ya maonyesho?

Anayekusanya vitabu vya picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, hasa za waigizaji wa kabuki (tamthilia ya jadi ya Kijapani), hufika njia panda: anunue kitabu chenyewe cha enzi ya Edo (1603 hadi 1868), au katalogi ya makumbusho?

Cha kale kina uhai wake. Mwaka 1770 wachoraji Katsukawa Shunsho na Ippitsusai Buncho walitoa *Ehon Butai Ogi*, sura za waigizaji zikiwa ndani ya umbo la upepeo. Kitabu cha aina hii ukikishika, karatasi ni laini na nyepesi ajabu. Ila kagua mistari kwanza, hasa kwenye nywele: kibao kilichochapwa mara nyingi huchakaa, mistari ikakatika. Matundu ya wadudu ni kawaida. Yakizibwa vizuri, mimi hayanisumbui.

Katalogi ni nafuu na inafundisha. Mchoraji Sharaku alitoa picha za waigizaji zaidi ya 140 kwa miezi kama kumi tu, 1794 hadi 1795, na zimetawanyika duniani. Katalogi nzuri huzikusanya, ikakutajia mwigizaji, mhusika na ukumbi. Inachopoteza ni ulanga, madini yanayometameta: picha za kwanza za Sharaku zina usuli wa unga wa ulanga unaometa ukiinamisha karatasi, lakini kwenye katalogi hugeuka kijivu kilichopooza. Inaniuma kila nikiiona.

Ningeanza na katalogi mbili nzuri, kisha nitafute juzuu moja ya kale iliyotengana na wenzake. Juzuu pweke huuzwa nafuu kuliko seti kamili.