Hita tatu ndani ya nyumba moja: uzoefu wangu na swichi janja

Nyumba yetu ya Goba, Dar es Salaam, tuliijenga kwa awamu, na kila awamu ilikuja na hita yake. Bafu letu lina hita ya tangi la lita 50. Bafu la watoto lina shawa ya umeme, ile inayopasha maji hapo hapo yanapopita. Juu ya paa kuna tangi la sola la lita 200, na ndani yake koili ya umeme ya wati 1,500 kwa ajili ya siku za mawingu. Mama mkwe alipohamia kwetu kutoka Makete, kule kwenye baridi ya Njombe, akiwa amezoea kuoga maji ya moto hata Januari, LUKU (mita yetu ya umeme wa kulipia kabla) ikawa inalia kila baada ya siku chache. Ndipo nikaenda Kariakoo kutafuta swichi janja, hizi unazowasha na kuzima kwa simu, au kuzipangia saa.

Muuzaji aliniambia, "Dada, hii inaendesha hita yoyote." Ilikuwa imeandikwa ampea 16, yaani kiasi cha umeme inachoweza kubeba. Nikanunua tatu.

Fundi wangu alikataa kuifunga kwenye shawa. Alinipa tochi, akaniambia nipande kiti nikasome kibandiko chini ya hita: wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 24. "Hii itayeyuka ukutani, dada, na anayeoga pale ni mtoto." Dukani hawakurudisha hela, walikubali tu kunibadilishia bidhaa. Mpaka leo naumia nikikumbuka, kwa sababu yule kijana hakuniuliza hata swali moja kuhusu hita yangu.

Na kumbe shawa haihitaji swichi janja kabisa. Haina tangi, kwa hiyo hakuna maji yanayopoa bure; bomba likifungwa, umeme umekoma. Pale nimetumia pesa kwenye usalama tu: ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) iliyopimwa na breka ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja.

Kwenye tangi la lita 50 ndiko nilikoona faida ya haraka. Nilifunga swichi ya ampea 20 inayopima matumizi. Kutoa maji nyuzi 27 hadi 60 kunakula karibu yuniti 1.9, kwa saa moja na robo hivi, yaani shilingi 680 kwa bei yetu ya kama 356 kwa yuniti. Zamani tulikuwa tunawasha alfajiri, kisha tunakimbilia foleni na hita inabaki inawaka. Sasa inawaka saa kumi na kuzima saa kumi na moja na robo. Angalizo: kwenye programu saa kumi alfajiri inaandikwa 04:00. Ukiandika 10:00 utapata maji ya moto saa nne, watu wote wako kazini. Na usishushe joto la tangi ili kubana matumizi. Maji ya vuguvugu yanayokaa ni makazi ya Legionella, bakteria wanaoleta homa ya mapafu. Mimi nimeacha 60, nimepunguza muda tu.

Wiki ya pili umeme ulikatika usiku, ukarudi asubuhi sote tumeshatoka. Saa saba mchana niko Posta, nafungua simu naona hita inawaka, haina hata mtu wa kuoga. Swichi ilikuwa imejiwasha yenyewe umeme uliporudi. Ndani ya programu kuna kipengele cha kuchagua hali ya swichi baada ya umeme kurudi, na yangu ilitoka dukani ikiwa kwenye "washa". Nimeiweka "zima". Kwa mji wetu huu, mimi ningeuliza hilo kabla ya kuuliza bei. La pili, uliza kama ratiba inakaa ndani ya swichi au kwenye seva ya mbali. Yangu nilizima ruta usiku kucha kuijaribu, na saa kumi ikawaka kama kawaida. Pia nyingi zinakubali waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo angalia ruta yako.

Sola ndiyo iliyonifundisha zaidi. Tulikuwa tunawasha koili alfajiri ili maji yawe tayari. Kosa lenyewe ndilo hilo: jua likichomoza linakuta tangi limeshapata moto, halina kazi ya kufanya. Na sisi tunaoga kwa maji hayo jioni! Sasa kuna kihisi cha joto, cha waya, kilichoingizwa kwenye kitundu chake maalumu cha tangi. Saa kumi na moja jioni swichi inasoma joto. Likiwa chini ya nyuzi 60, koili inawaka, likifika hapo inazima. Masika koili iliwaka karibu kila siku. Tangu mvua zikatike, nikifungua kumbukumbu za matumizi naona sifuri, sifuri, sifuri, na kwa kweli nafurahi kila ninapoziona.

Swichi hizo mbili, ya tangi na ya sola, nazipendekeza kwa moyo wote, ila chagua zenye kitufe cha kubonyeza kwa mkono. Programu iko kwa Kiingereza na mama mkwe hatumii simu ya kupapasa. Nimemwekea alama ya rangi nyekundu ya kucha kwenye kitufe cha tangi, na akitaka maji mchana anabonyeza mwenyewe, bila kunipigia.