Fences kwenye Windows: Dirisha la Folda Ndilo Linalostahili Fedha Yako

Watazamaji wangu, karibuni tena. Kabla sijaitaja programu ya leo, naomba mwitazame skrini hii kwa makini. Hii ni kompyuta ya steshenari moja hapa Morogoro, ambayo mwenye duka ameniruhusu niirekodi baada ya kuyafunika majina ya wateja, na juu ya eneokazi lake, yaani uso ule wa kwanza unaoonekana kompyuta ikishawaka, aikoni zimejaa kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia bila kuacha nafasi ya kidole. Hapa kuna faili linaloitwa «CV mpya», pembeni yake «CV mpya mpya», chini yake «CV ya mwisho kabisa», kisha «barua», «barua 2», na safu nzima ya mafaili ya skana ambayo yamepewa namba tu.

Jambo hili linanigusa mno, na nitawaeleza kwa nini. Nilifanya kazi nyuma ya kaunta ya duka la namna hii kwa miaka mitatu, na siku moja nilimchapia binti aliyekuwa anawahi usaili wasifu wa mtu mwingine, kwa sababu mafaili mawili yalikuwa na jina linalofanana na foleni ilikuwa ndefu. Alirudi jioni akiwa na karatasi ile mkononi, wala hakunipigia kelele, alitaka tu kujua wasifu wake uko wapi. Tangu siku hiyo, mpangilio wa mafaili kwangu si suala la kupendezesha skrini.

Basi, programu ninayoichambua leo ni Fences, ya kampuni ya Stardock ya jimbo la Michigan nchini Marekani, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2009. Namna ya kuipakua, kuisakinisha, kubadili rangi na kuongeza uwazi wa maboksi yake sitaieleza, kwani wengi wenu mmeshaiona mahali pengi. Kazi yake ya msingi ni kuchora maboksi juu ya eneokazi, ambayo Stardock huyaita uzio, na kila boksi ukalipa jina na kuweka aikoni zako ndani yake. Unaweza pia kuiwekea kanuni, ili kila picha mpya iingie yenyewe kwenye boksi la picha na kila hati iingie kwenye boksi la hati.

Sasa tazameni kipanya changu, kwa maana hapa ndipo nilipoanza kukasirika. Nimechora boksi la kwanza nikaliita «Wasifu», nimechora la pili nikaliita «Barua», na nimeburuta mafaili yote yanayohusika hadi skrini imekaa vizuri kabisa. Mtu angeridhika hapa. Lakini nikifungua kidirisha cha kawaida cha mafaili cha Windows kisha nikabofya folda ya eneokazi, mnaona kilichotokea? Hakuna «Wasifu» wala «Barua», bali mafaili yote yamelala pamoja katika orodha moja ndefu kama yalivyokuwa asubuhi. Boksi la kawaida halijahamisha faili hata moja, kwa kuwa limepanga mahali aikoni zinapoonekana tu. Ukiichomeka flashi na kunakili folda ya eneokazi uipeleke kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu hii, makundi yako hayatasafiri nawe.

Nililisema hili kwa ukali katika rekodi ya kwanza ya video hii, ambayo nimeifuta, kwa sababu wakati ule nilikuwa sijakitumia vya kutosha kipengele ninachotaka sasa tukitazame kwa utulivu. Kinaitwa Folder Portal, nami nitakiita dirisha la folda. Kilikuja na toleo la pili, na kwa maoni yangu ndicho kinachoitofautisha programu hii na mapambo.

Kwanza ninaenda kwenye diski D, ninatengeneza folda inayoitwa «Wateja», na ndani yake ninatengeneza folda nne: «Wasifu», «Barua», «Mikopo ya chuo» na «Vyeti vilivyoskaniwa». Hizi ni folda za kweli, zinazotengenezwa kwa njia ileile tuliyofundishwa siku ya kwanza ya darasa la kompyuta, na programu bado haijagusa kitu. Sasa ninarudi kwenye eneokazi, ninashikilia kitufe cha kipanya na kuchora mstatili mahali penye nafasi, menyu inatokea, na badala ya kuchagua uzio wa kawaida ninachagua dirisha la folda, kisha ninaielekeza programu kwenye folda ya «Wasifu» iliyoko diski D. Tazameni: kila kilichomo ndani ya folda ile kinaonekana hapa juu ya eneokazi, ingawa hakipo kwenye eneokazi. Nikiongeza faili kule diski D, linajitokeza hapa. Nikilibadilisha jina hapa, jina linabadilika kule. Na naomba hili mlishike vizuri, kwa sababu mtu akilipuuza atalia: ukifuta faili ndani ya dirisha hili umelifuta faili lenyewe, wala si picha yake. Ila ukiliondoa dirisha zima, folda yako inabaki salama kule ilipo.

Kwa nini nasisitiza diski D? Kila mwenye steshenari anafahamu siku ambayo fundi anakuja kupiga Windows upya. Folda ya eneokazi, kwa kawaida, iko ndani ya diski C, katika folda ya mtumiaji, na fundi akiifuta diski C ili asakinishe Windows safi, kila kilichokuwa juu ya eneokazi kinaondoka pamoja nayo, hata kama kilikuwa kimepangwa kwa maboksi yenye majina mazuri. Mafaili yaliyoko diski D hayaguswi maadamu fundi ameifuta C peke yake. Tukumbuke tu kwamba mara nyingi C na D ni vipande viwili vya diski moja, kwa hiyo diski yenyewe ikifa vyote viwili vinakwenda, na nakala kwenye diski ya nje haikwepeki. Hata hivyo, katika maduka niliyoyajua mimi, hasara nyingi hazikuletwa na diski iliyokufa, bali na fundi aliyeambiwa «hakuna kitu cha maana humo» na mtu ambaye hakujua kuwa eneokazi limo ndani ya C.

Tuendelee na kipanya. Ninaburuta «CV mpya» kutoka kwenye eneokazi na kuiachia ndani ya dirisha, na tazameni kwamba faili la zamani bado lipo pale lilipokuwa. Hii ni tabia ya Windows yenyewe: ukiburuta faili kutoka diski moja kwenda nyingine, Windows hulinakili, ilhali ndani ya diski ileile hulihamisha. Ukitaka lihame kabisa, shikilia kitufe cha Shift wakati wa kuliachia. Msipokizingatia kitufe hicho mtaishia kuwa na nakala mbili za kila wasifu, na nakala mbili zenye jina moja ndizo zilizoniponza mimi.

Kwa kuwa tumegusa majina, nitayasemea kidogo, maana dirisha la folda halimwokoi mtu asiyeyapa mafaili majina. Wengi hutaka kuweka tarehe kwa mkwaju, kama tunavyoandika kwenye barua, na Windows inakataa, kwa sababu mkwaju na nukta pacha ni miongoni mwa alama zisizoruhusiwa katika jina la faili. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ukitenganisha kwa kistari, mfano 2025-03-14, halafu jina la mteja na aina ya hati. Ukipanga orodha kwa majina, tarehe nazo zitajipanga zenyewe. Wala usizitumbukize folda ndani ya folda hadi ngazi ya saba au ya nane, kwa kuwa Windows kwa kawaida huhesabu njia nzima, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina la faili, na kikomo chake cha zamani cha herufi 260 bado kinazisumbua programu nyingi. Ngazi mbili zinalitosha duka, na ndani ya dirisha hili unaweza kuingia folda ndogo na kurudi nyuma bila kufungua kidirisha kingine.

Kuna jambo jingine linalowahusu wenye kaunta. Mteja anaposimama mbele yako huku skrini imemwelekea, anasoma majina ya wateja wengine, vyeti vyao vya kuzaliwa na barua zao za kazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata pasingekuwa na sheria, mtu aliyekuachia cheti chake amekuamini. Katika Fences ukibofya mara mbili mahali patupu kwenye eneokazi, aikoni zote zinatoweka, na ukibofya tena zinarudi. Ninakipenda kipengele hiki na ninakitumia kila siku, lakini kuficha si kufunga, kwani yeyote atakayekaa kwenye kiti chako atazirudisha kwa kubofya. Mafaili ya watu yanahitaji nywila kwenye akaunti ya kompyuta, na yanahitaji pia kufutwa kazi yao ikiisha.

Wale wanaoniuliza kila mara kuhusu kompyuta za Mac, jibu langu ni kwamba Apple walileta Stacks katika macOS Mojave mwezi Septemba mwaka 2018, haina malipo ya ziada, na kwa kubofya mara moja inayakusanya mafaili ya eneokazi katika marundo kwa aina, kwa tarehe au kwa lebo. Inapendeza, na kwa mtu asiye na muda inatosha, ila nayo hupanga mwonekano tu, kwani mafaili yanabaki katika folda ileile ya eneokazi. Upande wa Windows ipo Nimi Places, ambayo ni ya bure na nayo huonyesha yaliyomo ndani ya folda juu ya eneokazi, hivyo asiye na uwezo wa kulipa aanze na hiyo. Wazee wetu wa kompyuta watakumbuka kwamba Windows 3.0 ya mwaka 1990 ilizionyesha programu katika makundi yenye madirisha yake, na ni Windows 95 iliyotuzoesha eneokazi la kumwaga kila kitu.

Kipengele cha Peek, kinachoyaleta maboksi yako juu ya madirisha yaliyofunguliwa, sitakaa nacho muda mrefu. Kinaitwa kwa ufunguo wa Windows pamoja na kitufe cha nafasi, na ufunguo huohuo ndio ambao Windows hutumia kubadili kibodi, kwa hiyo ninyi mlioko Zanzibar, Mombasa au Muscat, mnaoandika Kiarabu na Kiswahili katika hati moja, kizimeni kwenye mipangilio ili msipoteze njia yenu ya kuhama lugha.

Habari ya chaneli ni fupi. Mlilalamikia sauti ya video zilizopita na mlikuwa na haki, nimebadilisha kipaza sauti. Video inayofuata itahusu OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, kwa sababu wengi wenu eneokazi lenu linapakiwa mtandaoni bila ninyi kujua, nafasi ya bure ni gigabaiti 5 tu, na kila skani inayomwagwa pale inalila bando lenu. Folda iliyoko diski D haimo katika mpango huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda dirisha la folda.

Sasa bei. Toleo la kwanza lilikuwa la bure kwa matumizi binafsi, toleo la tatu liliuzwa kwa dola 9.99, na siku hizi unapewa siku 30 za majaribio kabla ya kulipa. Malipo ni kwa kadi, hivyo asiye na kadi ya benki atahitaji kadi ya mtandaoni ya pesa za simu. Je, inafaa? Nilipoanza kuandaa video hii nilikuwa nimeshaamua kusema haifai, kwa kuwa folda zenyewe ni za bure na mtu anaweza kuzifikia kwa kubofya mara tatu. Nimebadili mawazo kwa kumwangalia kijana wa dukani akifanya kazi: watu wanne wakiwa kwenye foleni, habofyi mara tatu, anamwaga kila kitu kwenye eneokazi kwa sababu ndilo lililo karibu. Dirisha la folda linaileta folda sahihi mahali mkono wake unapokwenda wenyewe. Kwa duka lenye kaunta, ningelipa. Kwa mwanafunzi mwenye mafaili thelathini, hapana, atengeneze folda zake na aendelee na masomo.

Jaribio la mwisho nilifanye mbele yenu. Ninaiondoa programu yote kwenye kompyuta hii sasa hivi. Imemaliza. Maboksi yametoweka, na aikoni chache zilizobaki zimetawanyika juu ya eneokazi. Ninafungua diski D, ninafungua «Wateja», ninafungua «Wasifu», na mafaili yote haya hapa, kila moja na tarehe yake.